Mgonjwa wa Saratani Aelezwe kwa Lugha Anayoifahamu

Mwanamke aliyekatwa kipande cha nyama kutoka kwenye uvimbe wa titi ili kipelekwe maabara, aghalabu hurejea kliniki kuambiwa kwamba "HER2 ni chanya". Katika nchi ambayo kwa miongo mingi imeishi na hofu ya herufi nyingine tatu zinazoanza na H, zikifuatwa na neno lilo hilo "chanya", hapana haja ya kuuliza fikira za mama huyo zitakimbilia wapi. Na akiwa hana hofu hiyo, huenda akafurahi bure, kwa kuwa darasani alifunzwa kwamba chanya ni kinyume cha hasi. Waama, jibu hilo lina habari mbaya na habari njema kwa pamoja, na zote mbili ni haki yake kuzielewa.

Habari yenyewe haielezeki bila ya kurudi nyuma kidogo. Seli za mwili hazigawanyiki ovyo. Hungoja ziletewe ujumbe, na wajumbe hao ni protini ndogondogo zinazotolewa na seli nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Rita Levi-Montalcini, Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi St. Louis nchini Marekani, alionyesha kwamba kuna kitu kinachozifanya neva za kiinitete cha kuku kuchipua nyuzi. Mwenzake, Stanley Cohen, alipokuwa akikisafisha kitu hicho kutoka kwenye tezi za mate za panya, aliona jambo ambalo hakulitafuta: vitoto vya panya alivyovidunga dawa hiyo vilifumbua macho siku kadhaa kabla ya wakati wao, na meno yakaota mapema. Mtafiti mwenye haraka angalidhani ni kosa la maabara. Cohen alilifuatilia akagundua protini ya pili, inayohimiza ukuaji wa ngozi ya juu. Mwaka 1986 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Ujumbe bila ya msikilizaji haufai kitu. Hilo hata mwanafunzi wa isimu wa mwaka wa kwanza analijua. Kwenye ngozi ya seli mna protini nyingine zinazopokea ujumbe huo na kuupeleka ndani. HER2 ni mmoja wa wapokezi hao, ila ana tabia ya peke yake. Hajulikani kuwa na mjumbe wake maalumu. Daima yuko tayari kushikana na wapokezi wenzake na kuukuza ujumbe waliopokea wao. Mtoto akiwa tumboni, tabia hii ni ya lazima. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba viinitete vya panya vilivyonyimwa jeni ya mpokezi huyu hufa kabla ya kuzaliwa, kwa sababu moyo hauundiki sawasawa.

Katika uvimbe wa titi, jeni hiyo hiyo huweza kujirudufu mara nyingi ndani ya seli moja. Hapo wapokezi huongezeka maradufu mengi, hushikana wao kwa wao, na seli ikawa inasikia amri ya kugawanyika ilhali hakuna aliyeitoa. Hali hii hupatikana katika takriban asilimia 15 hadi 20 ya saratani za matiti. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake walieleza kwamba wanawake wenye uvimbe wa aina hii walikuwa na matumaini haba kuliko wengine. Hiyo ndiyo habari mbaya.

Habari njema ni kwamba mpokezi aliye wazi kiasi hicho huweza kuzibwa. Mwaka 1998 Marekani iliidhinisha trastuzumabu, kingamwili iliyoundwa kumshika mpokezi huyo na kumnyamazisha. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwishoni mwa 2019 likaidhinisha dawa ya kwanza inayofanana nayo, kwa matarajio kwamba bei ingeshuka. Lakini dawa hii haimfai mgonjwa ambaye uvimbe wake hauna wapokezi wa ziada, kwa hiyo bila ya kipimo hakuna wa kujua nani apewe. Fauka ya hayo, mpokezi aliyeujenga moyo tumboni bado ana kazi katika moyo wa mtu mzima. Ndiyo maana moyo wa mgonjwa hupimwa kabla ya tiba na wakati wa tiba. Mama asiyeelezwa hayo ataona anazungushwa: ameumwa titi, anapimwa moyo! Wa kumlaumu akikosa kurudi ni nani?

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, pale inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoifahamu na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Ni kifungu chema, ila yale maneno "pale inapowezekana" ni mlango mpana mno. Daktari mwenye foleni ya wagonjwa, aliyesomea kazi yake kwa Kiingereza kuanzia mwanzo hadi mwisho, atasema haiwezekani, na kwa hali ilivyo simwoni kuwa mwongo.

Hapa ndipo wataalamu wa lugha wanapodaiwa. Wamejadiliana kwa miaka na mikaka iwapo kompyuta iitwe tarakilishi au ngamizi, mjadala ambao haujamponya mtu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kazi ya kupigiwa mfano, lakini sayansi haikusimama kuingojea. Leo "kichocheo" hutumika kwa homoni, kwa kinachoharakisha mmenyuko katika kemia, na kwa protini hizi za ukuaji. Neno moja haliwezi kubeba mizigo mitatu kliniki. Kama tulivyopata kipazasauti na kipimajoto, twaweza kuwa na kikuzaseli. Mwenye jina bora na alilete. Kwa yule mpokezi, "kipokezi" chatosha. Anayedai kwamba majina haya ni mageni aukumbuke ugeni wa saratani na wa kansa: la kwanza ni Kiarabu, la pili asili yake Kilatini, yote mawili yana maana ya kaa, yule wa pwani, na hakuna mgonjwa anayehitaji kulijua hilo ili aelewe.

Hospitali zetu za rufaa hazina haja ya kungoja kamusi mpya. Chini ya kila karatasi ya majibu paongezwe maneno machache ya Kiswahili, kwa mfano: "Kipimo hiki si cha virusi. Uvimbe wako una vipokezi vya ukuaji vingi kupita kiasi. Hii huufanya ukue haraka, lakini ipo dawa inayoviziba. Kabla ya kuanza dawa hiyo, moyo wako utapimwa. Muulize daktari utaipata wapi, kwa muda gani na kwa gharama gani."