Nani kasema maabara ni kozi ya waliokosa udaktari?

Wadau, kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka wimbo ni ule ule. Kijana aliyesoma PCB akisema anataka kwenda chuo kikuu kusoma sayansi ya maabara, mjomba anaguna, na mwalimu anauliza: "Kwani pointi za udaktari hazikutosha?" Mungaa wanasema hivyo, Singida mjini wanasema hivyo, na kwa wasomi wa Dar ndiyo usiseme. Eti ni kozi ya kupima choo na mkojo!

Mimi nasema huu ni ujinga, tena ujinga unaoua.

Ushahidi upo. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walilazwa na kutibiwa malaria kali. Damu ilipoangaliwa upya kwa umakini, wenye vimelea vya malaria walikuwa asilimia 46 tu! Waliobaki walikuwa wanaumwa kitu kingine, na walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko wenye malaria yenyewe. Daktari alikuwepo. Kwinini ilikuwepo. Kilichokosekana ni kipimo cha kuaminika, na watu wa kukiamini.

Mtaniambia siku hizi kuna kipimo cha haraka, hata muuguzi wa zahanati anatoboa kidole na jibu linatoka. Sawa kabisa. Lakini kile kinajibu swali moja tu: malaria ipo au haipo. Kikisema haipo, nani ataotesha damu ajue ni bakteria gani na dawa ipi bado inamuua? Watu wa Mungaa wana hospitali ya Makiungu, iliyoanzishwa na masista mwaka 1954. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, nani atapima kundi lake na kuhakikisha chupa anayotundikiwa haitammaliza? Shahada haisomwi ili mtu avae tai. Inasomwa ili awepo mtu wa kugundua kwamba mashine imedanganya kabla mgonjwa hajanywa dawa ya uongo huo.

Dharau hii haiko kwa mjomba peke yake. Mei 2020 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilitoa majibu ya korona, na mkurugenzi wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Machi 2023, watu walipokuwa wanakufa Kagera kwa ugonjwa usiojulikana, nchi nzima ilisubiri jibu litoke wapi? Maabara ya taifa! Ndiyo iliyosema ni Marburg. Sisi tunaikumbuka maabara siku ya kifo tu.

Njia ya kuingia nayo si ya siri. Aliyefaulu Kemia, Baiolojia na Fizikia kidato cha nne anaweza kuanza na stashahada ya miaka 3. Wa kidato cha sita wanaomba shahada Muhimbili, Bugando au KCMC. Na tangu sheria ya mwaka 2007 fani hii ina baraza lake la kitaaluma. Si kibarua cha kushika chupa za mkojo.

Ajira je? Hapo sitawadanganya. Wapo wahitimu wanaozunguka mtaani na vyeti vyao huku mgonjwa kijijini akitibiwa kwa kukisia. Lakini hilo si kosa la kozi, wala la kijana aliyeisoma. Ni kosa la serikali inayozindua majengo kwa ngoma na mbwembwe, halafu inasahau kuajiri wa kukaa ndani yake. Mbunge akija kuomba kura, msimuulize jengo lina vyumba vingapi. Muulizeni nani anapima damu humo!

Na wewe mzazi, mtoto akisema maabara, usigune. Mtafutie nauli.

Naomba kutoa hoja.