Pombe Ikikwama, Usiitupie Sukari

Wasee, leo nasema kitu ambacho mjomba wangu hatapenda. Anisamehe tu.

Julai nilitoka Kitengela nikaenda nyumbani Rombo. Babu alikuwa anatengeneza enaisho ya harusi ya binamu yangu: asali kilo 5, maji lita 20, na mizizi ya osuguroi, ule mshubiri wetu. Siku tatu povu lilipanda vizuri. Siku ya nne, kimya. Harusi imebaki siku sita, manze.

Babu hakuwepo. Mjomba akaja mbio na kilo 2 za sukari. "Hii imeishiwa chakula." Alikuwa ameshamwaga nusu babu aliporudi. Mzee akaonja, akamwangalia. "Bado ni tamu. Aliyelala unamwongezea chakula cha nini?"

Hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Pombe ikinyamaza, kwanza onja. Kama utamu umeisha na ukali umeingia, haijakwama, imeiva. Kama bado ni tamu, sukari ipo tele. Wanaoila ndio wamechoka. Chachu ni viumbe hai, na Louis Pasteur alilionyesha hilo Ufaransa tangu miaka ya 1850. Upepo wa Kilimanjaro ukishuka usiku wa Julai, chachu inalala. Sukari ikizidi, inaifyonza maji. Tena asali ina sukari nyingi lakini naitrojeni kidogo sana, kwa hivyo chachu inadhoofika huku imezungukwa na chakula.

Babu alifanya hivi. Alimtuma mtoto kwa jirani, ambaye pombe yake ilikuwa bado inatoa povu, akaletewa mizizi michache na kikombe cha pombe hiyo. Akaiweka kwenye sufuria na maji ya uvuguvugu yenye asali kidogo. Vuguvugu, si moto, kwa sababu maji moto yanaua chachu. Povu lilipopanda, akaongeza kikombe kimoja cha ile pombe iliyokwama. Akangoja. Kikombe kingine. Akangoja tena. Mwisho akamimina yote pamoja, akafunika chombo kwa blanketi karibu na jiko. Kesho yake asubuhi tukasikia inachemka tena.

Siku ya harusi ilikuwa tamu kuliko kawaida. Wazee walikunywa, wakabariki, na hakuna aliyelalamika.

Sasa, maoni yangu. Ile sukari ya mjomba ilikuwa kosa dogo, lakini haraka iliyo nyuma yake si ndogo. Nchi hii tunataka pombe iwe tayari leo na iwe kali leo. Mei 2014 watu zaidi ya 60 walikufa Embu, Kiambu na kaunti nyingine baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Hiyo sumu haikutoka kwa asali na mizizi iliyosubiriwa. Tukisema "pombe za kienyeji zinaua", tunamtupa babu kwenye kapu moja na wauzaji wa sumu, na tunapoteza maarifa yake bure.

Mzee hana kipimajoto. Ana ulimi, subira na jirani mwema. Kabla ya kutupia chochote chomboni, uliza: imekwama kweli, au ni wewe una haraka?

Kwenu mnaamshaje pombe iliyolala? Niambieni. Mjomba anasoma pia.