Kichwa cha Dizeli na Mikono ya Askari
Askari alindaye mwambao wa Kismayu na visiwa vya Koyama na Chula hasikii mlio wa garimoshi. Reli haikupata kufika huko. Njia kuu ya Somalia ilikuwa ile ya kilomita 114 kutoka Mogadishu hadi Jowhar, waliyoikamilisha Waitalia mwaka 1928. Waingereza walipoiteka nchi mwaka 1941, utawala wao wa kijeshi uliing'oa.

Wabajuni waliokimbilia Mombasa kuanzia mwaka 1991 walikikuta huko kichwa cha dizeli cha daraja la 93, kazi ya General Electric ya Marekani: silinda 12, nguvu za farasi 2,600, kilichoingia Kenya miaka ya 1970. Kiondokapo na mabehewa, ngurumo yake hufika kifuani kabla ya masikioni. Sisi twakistahi zaidi kwa kuwa hutengenezeka. Hata leo vingine vingali vikivuta.

Mwaka 2020 wanajeshi wa Kenya, pamoja na vijana wa Huduma ya Taifa, waliifufua reli ya Nanyuki. Twaomba siku Kismayu itakapofikiriwa njia yake, ipate askari wa namna hiyo.