Dubwi lisilohitaji sarafu

Mwenye mashine ya kamari kwenye baa ana tatizo moja la tangu zamani: hayupo. Mashine ni yake na leseni ni yake, lakini ukuta ilipoegemezwa ni wa mtu mwingine, chenji inatolewa na mhudumu aliyeajiriwa na mtu mwingine, na funguo za droo ya sarafu anazo kijana anayezunguka na pikipiki kutoka grosari hii hadi ile. Dubwi, bonanza, mashine za Mchina, kila mtaa na jina lake, ni biashara inayowakutanisha watu watatu ambao kila mmoja ana sababu ya kumshuku mwenzake. Ndiyo maana muuzaji wa mitambo anapokuja na mashine inayojihesabu, inayotuma ripoti kwa laini ya simu na kupokea malipo bila sarafu hata moja, hahitaji kubembeleza sana.

Swali linalotuhusu sisi wengine ni kama mashine hiyo iruhusiwe kwenye baa zetu. Jibu langu ni kwamba iruhusiwe nusu, na ubishi uwe juu ya nusu ipi.

Tuanze na kazi yenyewe ilivyo. Ndani ya mashine kuna mita mbili, moja ya fedha zilizoingia na nyingine ya zilizotoka. Mkusanyaji anafika, anasoma namba, anafungua droo, anahesabu, anaacha sarafu za kuanzia malipo ya mchezaji atakayefuata, kisha tofauti inagawanywa kati ya mwenye mashine na mwenye baa kwa asilimia waliyokubaliana. Utaratibu huu una umri mrefu. Charles Fey, fundi wa San Francisco aliyetengeneza mashine ya Liberty Bell mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa akiziweka kwenye vilabu vya pombe na kugawana mapato nusu kwa nusu na wenye vilabu.

Kinachoharibu hesabu ni yale yanayotokea kati ya ziara moja ya mkusanyaji na nyingine. Mtu anashinda usiku, sarafu za ndani zinakauka, mhudumu anamalizia kumlipa kwa fedha za bia na kuandika kwenye kipande cha karatasi. Umeme unakatika picha zikiwa bado zinazunguka. Sarafu ya mia mbili inakwama, mchezaji anaapa kwamba aliingiza tano, mita inasema nne. Kila tukio la aina hii lina gharama, na mara nyingi anayeibeba ni dada wa kaunta, kwa pungufu inayokatwa kwenye ujira wake. Anayetetea sarafu, kama nitakavyofanya hapa chini, asimsahau dada huyu.

Katika kuhesabu, basi, sioni hoja ya maana ya kupinga kompyuta. Mita isomwe kila saa na itume namba zake yenyewe. Droo ifunguke kwa namba ya siri inayoacha kumbukumbu ya nani kafungua na lini. Mhudumu aondolewe lawama ya sarafu asizoziona. Serikali nayo ina faida yake. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, na mwaka 2017 ukusanyaji wa kodi ya michezo hiyo ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato. Lakini mtoza kodi asiyeona ndani ya sanduku hana njia ila kutoza kwa idadi ya masanduku, kila mashine kiwango kile kile kwa mwezi. Kwa utaratibu huo, mashine isiyopumzika kwenye baa ya stendi na mashine inayoota vumbi kwenye grosari ya kijijini zinahesabiwa sawa, kama ilivyokuwa kodi ya kichwa. Mashine inayotuma hesabu zake inaweza kutozwa kwa inachokusanya. Pia inajulikana ilipo, na isiyotuma chochote inajitaja yenyewe kwamba haijasajiliwa.

Hofu yangu hapa ni moja tu, na ni ya kiufundi: mfumo unaoweza kusoma kutoka mbali unaweza pia kuandika kutoka mbali. Kama ofisi ya mwenye mashine inaweza kubadilisha kiwango cha ushindi Ijumaa jioni bila mtu kufika baa, ukaguzi uliofanywa mashine ilipoingia nchini unakuwa karatasi tu. Njia hiyo ifungwe kwenye masharti ya leseni, na mfumo wa kuhesabu usiwe mali ya anayehesabiwa.

Nusu ya pili ndiyo inayonitia shaka. Wauzaji wa mitambo hawauzi kuhesabu peke yake. Wanauza mzigo mmoja: kuhesabu, pamoja na tundu la kupokea noti, tiketi badala ya sarafu, au malipo ya moja kwa moja kutoka kwenye simu. Yote yanaitwa kwa jina moja la maendeleo. Ila kuhesabu kunamsaidia mwenye mashine amjue mkusanyaji wake, ilhali kupokea noti na simu kunambadilisha mchezaji.

Fikiria mtu aliyekaa na noti ya elfu tano. Mashine haiitaki. Inambidi ainuke, aende kaunta, asubiri dada amalize kumhudumia mwingine, aombe chenji. Pengine hakuna. Pengine dada anamwambia, "Kaka, si umeshachukua mara mbili leo?" Pengine anakutana na jirani, wanaongea mpira, noti inageuka soda. Hakuna aliyepanga hatua hizo kumi kati ya kiti na kaunta ziwe kinga. Zimetokea tu kwa sababu sarafu ni nzito na ni chache. Ila kinga ni kinga hata kama imetokea kwa bahati, na tukiiondoa lazima tuseme tunaweka nini mahali pake.

Norway walilipima jambo hili karibu kama lilivyo. Huko mashine zilitapakaa madukani na kwenye vibanda, na nyingi zilikuwa zikipokea noti. Julai 2006 serikali ilipiga marufuku tundu la noti peke yake. Mashine zilibaki pale pale, na michezo ile ile, lakini mtu alilazimika kuja na sarafu. Watafiti walioangalia vijana kabla na baada ya hatua hiyo walikuta uchezaji umepungua, pamoja na dalili za uraibu. Simu kwa namba ya msaada wa wacheza kamari nazo zilishuka. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Julai 2007, mashine zote za zamani zikaondolewa.

Kilichofuata kinawapa nguvu wanaopenda kompyuta, na haki yao waipate. Kuanzia mwaka 2009 kampuni ya serikali ya Norway, Norsk Tipping, ilirudisha mashine, chache zaidi, zisizopokea fedha taslimu kabisa. Mchezaji anatumia kadi yenye jina lake. Kadi ina kikomo cha hasara kwa siku na kwa mwezi, na akicheza muda mrefu mashine inamsimamisha apumzike apende asipende. Akihamia mashine nyingine, kikomo kinamfuata. Finland nao, kufikia mwaka 2021, walifanya utambulisho kuwa lazima kwenye mashine zote za kampuni yao ya serikali, Veikkaus. Kumbe mashine isiyo na sarafu inaweza kuwa kali kuliko dada wa kaunta yeyote, mradi imjue anayecheza na iwe na amri ya kumkatalia.

Mfano wa upande wa pili uko Australia. Jimbo la New South Wales lina mashine zaidi ya 80,000 kwenye baa na vilabu, na zote zimeunganishwa na mfumo mkuu unaosoma mita zake. Kwa hesabu za kodi huwezi kuomba zaidi. Hata hivyo wachezaji wa jimbo hilo wanapoteza zaidi ya dola bilioni 8 za Australia kwa mwaka, na mwaka 2022 tume ya uhalifu ya jimbo ilitoa ripoti kwamba fedha za uhalifu zinapita kwenye mashine hizo kwa mabilioni. Mfumo ulihesabu kila dola iliyoingia. Ulichokosa ni jina la aliyeiingiza, kwa sababu ndani ya tundu ilikuwa noti tu. Tume ikapendekeza kadi ya lazima. Wenye baa na vilabu wakapinga, suala likawa la uchaguzi wa 2023, na chama kilichoshinda kikachagua majaribio kwanza. Watu waliofurahia kompyuta ilipokuwa ikihesabu waligundua thamani ya faragha siku ilipotaka kuweka kikomo.

Natazama mifano hiyo miwili na kuona kwamba nchi mbili zinaweza kununua mitambo inayofanana na kupata matokeo tofauti kabisa, kutegemea kama mashine inamjua mchezaji au inaijua fedha yake tu.

Sasa turudi kwetu, maana kwetu noti itapitwa haraka. Mashine ya baa ya Tanzania ikiacha sarafu, itarukia simu. Hapa kuna jambo ambalo Norway hawakuwa nalo. Laini ya simu Tanzania imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Walioshindwa kujisajili hivyo walianza kufungiwa laini Januari 2020. Maana yake kadi ya Norway tunayo tayari mfukoni. Jina lipo, umri upo, na kikomo cha siku kinaweza kuwekwa kwenye namba ya mtu kikamfuata kutoka Mwenge hadi Mbagala. Kama serikali inataka mashine imkatae mtoto wa miaka 15, njia ipo, ingawa mtoto mwenye laini ya kaka yake ataendelea kutusumbua.

Kenya tayari imeonyesha nguvu ya njia hiyo ya malipo ya simu. Julai 2019 serikali ilipogombana na kampuni 27 za kubeti juu ya leseni na kodi, haikuhitaji kupeleka askari kwenye ofisi zao. Iliiagiza kampuni ya simu ya Safaricom ifunge namba za malipo za kampuni hizo. Anayedhibiti njia ya fedha ameshika shingo ya mchezo, na kwa sarafu za mia mbili hakuna shingo ya kushika.

Lakini simu ina kitu ambacho sarafu haijawahi kuwa nacho: inakopesha. Huduma kama Songesha hapa kwetu, au Fuliza kule Kenya, zimetengenezwa kumalizia malipo pale salio linapopungua. Ni msaada mkubwa kwa anayelipia umeme wa nyumbani usiku. Iweke huduma hiyo hiyo nyuma ya mashine ya kamari, saa sita usiku, mbele ya mtu mwenye bia nne kichwani, na umempa mashine isiyokwisha sarafu. Kwenye mashine ya zamani mtu aliishiwa, akaondoka. Kwenye hii ataishiwa na kuendelea, na deni litamsubiri kwenye mshahara. Ningekuwa naandika kanuni, sharti hili lingetangulia hata umri: hakuna malipo ya mkopo kwenye mashine ya kamari, na kampuni ya simu iwajibike kulizuia, kwa kuwa ndiyo inayojua salio halisi.

Nimeambiwa na wanaoipenda biashara hii kwamba mhudumu ndiye kinga bora, kwamba baa zetu zina macho ya watu na hatuhitaji mitambo ya kuchunga watu wazima. Macho ya watu ni kitu kizuri, lakini tusiyapambe. Uingereza, ambako mashine za baa zina dau la juu la pauni 1, zawadi ya juu ya pauni 100, na mhudumu anatakiwa kisheria kuangalia nani anacheza, majaribio yaliyotangazwa na Tume ya Kamari mwaka 2019 yalionyesha kwamba asilimia 84 ya baa zilizojaribiwa zilishindwa kumzuia mtoto asicheze. Mhudumu yule yule anamimina bia, anapokea fedha, anaosha glasi. Kumpa jukumu la kuchunga mashine bila kumpa muda ni kutafuta wa kulaumiwa.

Suala la ajira ya mkusanyaji linatajwa pia. Halina uzito mkubwa kwangu. Mashine bado zitaharibika na mtu atahitajika kuzitengeneza.

Lenye uzito zaidi ni taarifa. Mashine inayomjua mchezaji kwa namba yake ya simu inajua siku anayolipwa mshahara, saa anayokata tamaa, na kiasi kinachomfanya arudi. Mikononi mwa msimamizi, hiyo ni dawa ya kumwekea kikomo. Kwa idara ya masoko, ni ujumbe mfupi wa saa kumi jioni wenye zawadi ya mizunguko 20 ya bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na tume yake ipo. Masharti ya leseni yangeweza kusema waziwazi kwamba jina la mchezaji linakaa kwenye mfumo wa msimamizi, na mwenye mashine anabaki na jumla ya fedha tu. Kwa hesabu zake na mwenye baa, jumla inamtosha.

Kwa hiyo mgawanyo ninaoutaka ni huu: kuhesabu kuwe lazima kwa kila mashine yenye leseni, hata zile za sarafu, na hakuna cha kusubiri. Kupokea noti kukataliwe moja kwa moja, kwani noti haina jina na tumeshaona ilivyofanya New South Wales. Malipo ya simu yabaki yamefungwa hadi siku kikomo cha mchezaji kitakapofanya kazi kwenye mashine zote za waendeshaji wote, bila mkopo. Kikomo cha mwendeshaji mmoja hakina maana kwenye mtaa wenye baa sita.

Waendeshaji watasema masharti hayo ni ghali na yanaua biashara. Basi wabaki na sarafu zao, zikihesabiwa vizuri, hakuna anayewafukuza. Watakapoomba kibali cha malipo ya simu kwa masharti hayo ndipo Bodi itakapojua nani alikuwa akitafuta hesabu safi na mkusanyaji wake, na nani alitaka tu noti ya elfu tano isifike kaunta. Nadhani wa kundi la pili ni wengi kuliko wanavyokiri.