Si Matanga ya Nirvana: Kuitetea Albamu ya Kwanza ya Foo Fighters

Albamu ya kwanza ya Foo Fighters ilitoka Julai 1995 ikiwa na nyimbo 12 na jina la bendi yenyewe. Tangu hapo imekuwa ikizungumzwa kama mtoto aliyezaliwa msibani. Wapo wanaosema ni maombolezo ya Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, yaliyovishwa kelele. Wengine husema si kazi ya bendi hata kidogo, au kwamba isingekuwa Nirvana hakuna ambaye angeisikiliza, au kwamba mashairi yake ni maneno matupu. Kisha wapo wanaoitwisha lawama za roki yote nyepesi iliyofuata granji. Madai haya huyatoa watu wanaoupenda muziki huu, na baadhi yana chembe ya ukweli. Ndiyo maana ni vyema yajibiwe moja baada ya jingine, kwa sababu yakirundikwa pamoja yanaifunika albamu yenyewe, nayo ni miongoni mwa kazi changamfu kabisa zilizotoka Marekani mwaka ule.

Nianze na la maombolezo, maana ndilo linalorudiwa zaidi. Ukizipanga tarehe, simulizi inajitunga yenyewe. Cobain alijiua Aprili 1994. Oktoba mwaka huohuo Dave Grohl, aliyekuwa mpiga ngoma wa Nirvana, aliingia Robert Lang Studios kule Shoreline, kaskazini mwa Seattle, akarekodi albamu hii nzima kwa muda wa wiki moja. Ni studio ileile ambamo Nirvana walifanya rekodi yao ya mwisho Januari 1994. Nani asiyeona msiba hapo?

Nyimbo zenyewe hazikubali. Kati ya zile 12, ni nne tu zilizotungwa baada ya kifo cha Cobain: "This Is a Call", "I'll Stick Around", "X-Static" na "Wattershed". Nyingine zote zilikuwa zimeshatungwa, nyingine miaka kadhaa nyuma. Grohl alikuwa akitunga na kurekodi pembeni wakati Nirvana ingali kwenye kilele chake, na mwaka 1992 lebo ndogo ya Simple Machines ilitoa kaseti yake iitwayo Pocketwatch, ambayo hakuiwekea hata jina lake. Aliitoa kwa jina la Late!. Ama "Alone + Easy Target", huo Cobain mwenyewe aliusikia na akaufurahia. Wimbo ambao marehemu aliusikiliza kwa masikio yake hauwezi kuwa wimbo wa kumlilia.

Na hata katika zile nne, "Wattershed" unacheza na jina la Mike Watt, mpiga besi wa Minutemen. "I'll Stick Around" una hasira kali, na miaka mingi baadaye Grohl alikiri kwamba ulimlenga Courtney Love, mjane wa Cobain, baada ya kulikana jambo hilo kwa muda mrefu. Hasira juu ya mtu aliye hai si maombolezo ya aliyekufa.

Sisemi huzuni haikuwepo. Grohl ameeleza jinsi alivyokaa miezi kadhaa bila hamu hata ya kusikiliza muziki, na jinsi alivyokwenda mashambani Ireland kuukimbia msiba akakutana barabarani na kijana anayeomba lifti, amevaa fulana yenye sura ya Cobain. Ndipo alipojua hakuna pa kukimbilia, akarudi kufanya kazi. Kwa hiyo huzuni ndiyo iliyompeleka studio. Alichokwenda kukirekodi huko kilikuwa akiba ya nyimbo za miaka mingi, na wanaodai maombolezo wanachanganya sababu ya kurekodi na kinachorekodiwa.

Lipo pia la bunduki iliyo kwenye jalada la albamu, nalo halihitaji maneno mengi. Baadhi ya watu waliona ni utovu wa adabu kuweka silaha kwenye jalada mwaka mmoja tu baada ya Cobain kujipiga risasi. Ile ni bastola ya kuchezea ya Buck Rogers, mhusika wa hadithi za anga za juu, na picha ilipigwa na Jennifer Youngblood, aliyekuwa mke wa Grohl. Inakwenda sambamba na mengine yote: "foo fighters" ni jina ambalo marubani wa Vita vya Pili vya Dunia waliviita vimulimuli visivyojulikana walivyoviona angani, na lebo yake aliiita Roswell, mji wa New Mexico unaohusishwa na visa vya sahani zirukazo. Mtu huyu alipenda mambo ya anga. Basi.

"Si albamu ya bendi." Hili ni kweli, na wanaolisema wanadhani wameshamaliza kesi. Grohl alipiga ngoma, magitaa na besi, akaimba, yote peke yake. Mkono wa mwingine unasikika mahali pamoja tu, gitaa la Greg Dulli wa Afghan Whigs katika "X-Static". Mtayarishaji mwenzake alikuwa Barrett Jones, rafiki wa siku nyingi aliyemrekodi tangu Virginia. Nate Mendel na William Goldsmith waliotoka Sunny Day Real Estate, pamoja na Pat Smear aliyekuwa akipiga gitaa na Nirvana jukwaani, waliingia baadaye, albamu ikiwa imeshakamilika.

Lakini sikiliza jinsi kazi ilivyofanyika. Kwa kila wimbo Grohl alianza na ngoma, bila gitaa la kumwongoza, wimbo mzima ukiwa kichwani mwake. Alijua kipande kinageuka wapi, kinanyamaza wapi, kinalipuka wapi. Kisha akachukua gitaa, halafu besi, akikimbia kutoka chombo hadi chombo, na nyimbo zikirekodiwa kwa mpangilio uleule unaosikika kwenye albamu. Ndiyo maana magitaa yale yamekamatana na ngoma kwa namna ambayo bendi nyingi hazifiki hata baada ya miaka ya mazoezi. Mpiga ngoma hulisikia gitaa kama mdundo, na riffu za albamu hii, hasa ya "I'll Stick Around", zimejengwa kwa kupigwa na kukatwa zaidi ya kuimbwa. Kukosekana kwa bendi hakukuipunguzia kitu. Kulikuwa ndiyo mbinu yake. Na ushahidi ulikuja na albamu ya pili, The Colour and the Shape ya 1997. Safari hii bendi ilikuwepo, na bado Grohl akarudia kupiga sehemu kubwa ya ngoma mwenyewe, jambo lililomfanya Goldsmith aondoke. Lilikuwa pigo kwa Goldsmith na sioni sababu ya kulipamba, lakini linaonyesha kwamba mtindo wa 1994 haukutokana na upweke wa msiba pekee. Ndivyo mtu huyu anavyousikia muziki wake.

Je, ni jina la Nirvana lililomvusha? Mlango ulifunguliwa na jina, hilo halina ubishi. Gary Gersh, aliyeisainisha Nirvana alipokuwa Geffen, ndiye aliyekuwa akiongoza Capitol, kampuni iliyoisambaza Foo Fighters. Eddie Vedder wa Pearl Jam alicheza nyimbo za Grohl redioni Januari 1995, kabla albamu haijatoka. Mtu asiye na jina asingepata hayo. Lakini Grohl alikuwa na njia rahisi zaidi ya kulitumia jina hilo. Novemba 1994 alimpigia Tom Petty ngoma kwenye Saturday Night Live, na Petty alitaka aendelee naye. Angekaa nyuma ya ngoma za mwanamuziki mkubwa, akapokea mshahara mnono, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alitoa kaseti 100 za rekodi yake kwa jina la bendi ambayo haikuwepo, kisha masika ya 1995 akapanda na wenzake kwenye gari kwenda kuwafungulia wengine jukwaa katika ziara ya Mike Watt. Albamu ilifika nafasi ya 23 Marekani na ya 3 Uingereza, na baadaye ikavuka nakala milioni moja Marekani. Jina humfanya mtu anunue; halimfanyi aendelee kuimba "Big Me" miaka 30 baadaye. Nirvana, kwa kweli, walikuwa pia wapinzani wake: kwenye tuzo za Grammy za 1996 albamu hii iliwania kipengele cha muziki mbadala ikashindwa na MTV Unplugged in New York, ya Nirvana.

Kuhusu mashairi, shahidi wa mashtaka ni Grohl mwenyewe. Amesema mengi aliyaandika dakika chache kabla ya kuimba, na ukisikiliza "This Is a Call" utakuta majina ya dawa yametapakaa bila mpangilio. Hapo baadhi ya wasikilizaji hufanya kama mashabiki wa taarabu ukumbini, kila mstari wanauliza nani kapigwa kijembe, na wasipompata wanasema hakuna kitu. Taarabu imetungwa ili iulizwe swali hilo. Albamu hii haikutungwa hivyo. Grohl hakuiamini sauti yake, akairekodi mara mbili na zaidi juu ya yenyewe mpaka ikawa nene na laini, ikaingia katikati ya magitaa kama chombo kingine. Katika "Weenie Beenie" ameikwaruza kiasi kwamba maneno hayasikiki kabisa, na wimbo haupungukiwi. Mtu aliyekuwa ameshuhudia kila neno la mwenzake likichambuliwa na ulimwengu mzima alikuwa na haki ya kuimba silabi kwa raha ya silabi.

Linabaki lile la urithi: kwamba hapa ndipo roki ya baada ya granji ilipoanzia kuharibika, ikaishia kwa Creed na Nickelback. Tarehe zinalipinga kwanza. Sixteen Stone ya Bush, bendi ya London, ilitoka mwishoni mwa 1994. Muziki wenyewe unalipinga zaidi. Kanuni ya bendi zile ni ubeti wa taratibu, kiitikio kizito, na sauti nene ya kifuani iliyochukuliwa kwa Eddie Vedder. Isikilize My Own Prison ya Creed, ya 1997, uone. Grohl alitoka kwingine. Akiwa na miaka 17 aliingia Scream, bendi ya panki ya pembezoni mwa Washington, na kasi ile imo katika albamu hii pamoja na mapenzi yake kwa Beatles. "Big Me" unamalizika kwa dakika mbili na ushee. "For All the Cows" unaanza kwa kunesanesa kama jazi ya hotelini kisha unaangua kelele. "Exhausted" unaburuza gitaa lililochafuliwa kwa karibu dakika sita. Hakuna hata mmoja kati ya hizo uliokuwa kielelezo kwa Creed.

Foo Fighters wenyewe walikuja kuwa bendi ya viwanja vya mpira, na ziko albamu zao za baadaye zilizolainishwa kupita kiasi. Lawama hiyo ni halali, na izielekee albamu hizo kwa majina yake. Ile ya 1995 ina ukwaruzo na haraka ya mtu mwenye wiki moja tu studio, na kila chombo unachokisikia, isipokuwa gitaa moja la Dulli, kimepigwa na mikono ileile miwili.