Mabati au Daktari?

Huku kwetu Igowole baridi imekaza. Ukungu wa Mufindi unashuka mpaka mlangoni, asubuhi unamsikia jirani anakusalimia "kamwene" lakini humwoni. Ni majira mazuri ya kukaa na mwenzi wako pembeni ya jiko mkaongea. Na mwezi huu sisi tumeongea kweli. Tena kwa machozi.

Tunajenga. Nyumba imefika usawa wa kupaua, na kila aliyejenga Nyanda za Juu anajua kwamba mvua za Novemba hazimsubiri mtu. Ijumaa moja mume wangu aliniachia kazi moja tu: nitume malipo ya mwisho ya mbao za kenchi kabla ya saa kumi jioni. Muuzaji wa Mafinga alikuwa ametushikia mzigo kwa bei ya zamani, na alishasema hatasubiri zaidi.

Simu nilikuwa nayo mkononi. Nikaifungua nitume, nikakuta meseji ya ofisini, nikaijibu. Nikiwa najibu nikakumbuka maharage yako jikoni. Nikaenda. Njiani nikaona sare ya mtoto haijafuliwa, nikaanza kuloweka. Harufu ya maharage kuungua ndiyo iliyonishtua. Mbao? Mbao zilishatoka kichwani kabisa, kama vile sikuwahi kuambiwa.

Saa kumi na mbili mume wangu akaingia. "Umetuma?" Kimya. Mzigo ulikuwa umeshauzwa kwa mtu mwingine. Hakufoka, na afadhali angefoka. Alikaa akavua viatu taratibu, akasema: "Mama watoto, mimi sijui tena. Hunisikii, au hunijali?"

Jamani, hilo swali lilinichoma.

Siyo kila msahaulifu

Kazi yangu, cheka tu, ni mtunza kumbukumbu. Ofisini hakuna jalada linalopotea, kwa sababu kila kitu kina namba, rejista na kabati lake. Wasichokijua wenzangu ni kwamba kinachowachukua mpaka saa sita mchana mimi nakimaliza saa moja usiku, kwa hofu ya kuumbuka. Nikirudi nyumbani ambako hakuna rejista, naanguka. Simu tatu nimepoteza ndani ya miaka miwili. Funguo sihesabu.

Shoga yangu mmoja wa Dar es Salaam nilipomsimulia akacheka, kisha akaacha kucheka. "Shosti, mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nimepimwa na daktari binafsi, ni ADHD." Kwa Kiswahili cha kawaida, ni hali ya ubongo kushindwa kushika umakini, na kwa wengine kushindwa kutulia. Nilidhani ni mambo ya watoto watundu. Kumbe utafiti wa nchi 20 uliotolewa mwaka 2017, katika tafiti za Shirika la Afya Duniani, ulikuta karibu watu wazima 3 katika kila 100 wanayo. Kwa wanawake mara nyingi haigunduliki mapema, kwa sababu msichana anayeota mchana dirishani hamsumbui mwalimu. Anasumbua yule anayeruka juu ya dawati.

Lakini tusidanganyane. Siyo kila anayesahau funguo anaumwa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zionekane sehemu zaidi ya moja, na ziwe zinaharibu maisha kweli. Kukosa usingizi, sonona, tezi ya shingo, upungufu wa damu, pombe, hata uchovu wa kulea peke yako, vyote vinaweza kukufanya msahaulifu. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayosema unayo. Daktari anakuuliza historia yako yote, na anataka kumsikia mtu anayekujua. Kuna maswali 6 ya kujichunguza, yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2005. Lakini hayo yanakuambia tu kama inafaa kwenda kupimwa, hayakupi jibu.

Vidonge vya Rita

Shoga yangu hakuishia hapo. "Nikutumie vidonge vyangu vichache kwenye basi, ujaribu?"

Hapo nikasita, na ninakuomba na wewe usite. Dawa inayotumika sana inaitwa methilifenideti. Ina kisa kizuri cha mapenzi: ilitengenezwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon huko Uswisi, na jina lake la biashara, Ritalin, lilitokana na mkewe Marguerite, ambaye nyumbani aliitwa Rita. Inasemekana bibie alikuwa akiimeza kabla ya kucheza tenisi. Wapo waume wanaowapa wake zao maua, huyu alimpa jina la kidonge!

Mapenzi pembeni, dawa hiyo siyo pipi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaiweka kwenye kundi la dawa zinazodhibitiwa vikali, hivyo kupeana kwenye bahasha ya basi ni kujitafutia kesi. Inaweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, kukata hamu ya kula na kufukuza usingizi. Wengi inawasaidia sana, ila haiponyi. Inafanya kazi ikiwa mwilini, ikiisha imeisha. Upatikanaji nao ni wa kuuliza mapema: mwaka 2019, na tena 2021, Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na mara zote mbili halikukubali. Kuna pia dawa za aina nyingine zisizo za kuchangamsha, na kuna mafunzo ya kisaikolojia ya kupanga maisha. Na sisi, mpenzi msomaji, tulikuwa tumeshapanga mtoto wa pili. Dawa gani inafaa kwa mama mjamzito ni swali la kumuuliza daktari kabla ya kuanza, siyo la kukumbuka baadaye.

Maamuzi mawili, siyo moja

Nilipopiga hesabu ya daktari binafsi wa Dar, yaani nauli ya zaidi ya kilomita 500, malazi, ada ya kumwona, halafu kurudi tena na tena, ikalingana na mabati ya upande mzima wa paa. Mume wangu akanyamaza. Mama mkwe akasema niache kushinda na simu. Wifi yangu akatania, "Mtampeleka Mirembe?" Kila mtu akacheka, na mimi nikacheka, lakini usiku sikulala. Ile hospitali ya Dodoma imetibu watu miaka mingi, sisi bado tunaitumia kama tusi.

Kilichotusaidia ni jambo dogo: kutenganisha maamuzi. Tulikuwa tunabishania kidonge wakati hata jibu hatuna. Kupimwa ni uamuzi mmoja. Kumeza dawa ni mwingine, na unakuja baadaye, ukiwa na majibu mkononi. Ukivichanganya, mmoja wenu atakataa kupimwa kwa kuogopa dawa, na mwingine atakimbilia dawa bila kupimwa.

Basi tukaanza karibu. Nilikwenda kwa daktari wa kawaida kwanza, akapima presha, damu na tezi, akaniuliza usingizi wangu na kama huwa nakata tamaa. Mwili uko sawa. Akasema jambo hili linahitaji daktari bingwa wa magonjwa ya akili, na kwamba siyo lazima niruke mpaka kwa daktari binafsi wa Dar, kwani hospitali ya rufaa ya kanda ya Mbeya ina huduma hiyo. Akaniandikia rufaa. Ushauri wangu kwako: popote unapokwenda, serikalini au kwa daktari binafsi, piga simu kwanza uulize swali moja: "Tatizo hili mnawapima na watu wazima?" Swali hilo linaweza kukuokolea nauli.

Sanduku la mama

Ilibaki kazi ya kuthibitisha utoto wangu. Nikampigia mama yangu Tukuyu nikamuuliza kama ripoti zangu za shule ya msingi zipo. Zipo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na vyeti vya ubatizo. Akavaa miwani, akanisomea kwenye simu. Darasa la tatu: "Ana akili ila hasikilizi." Darasa la tano: "Aache kuota mchana, mzembe." Darasa la sita: "Anaweza zaidi akitaka."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, tulikuchapa sana kwa haya."

Mume wangu alikuwa pembeni, simu iko kwenye spika. Alisikia yote. Hakuna ripoti hata moja iliyoandika "hajali".

Sijui bado daktari atasema nini. Huenda atasema siyo, na nitalazimika kulipokea hilo pia. Hata akisema ndiyo, jibu halitazirudisha mbao za kenchi, na mimi sitalitumia kama ngao kila nikiunguza chungu. Tangu wiki iliyopita malipo yote tunatuma tukiwa wawili, na kila tulichokubaliana kinaandikwa kwenye daftari la mlangoni. Rejista ya nyumbani imepatikana! Daktari binafsi tumemweka akiba, iwapo Mbeya hawatatupa jibu.

Mwenzangu, kama na wewe kuna mtu nyumbani kwako ambaye hasikii, hakumbuki, hamalizi, usiharakishe kusema hakupendi. Na kama mtu huyo ni wewe, usijifiche nyuma ya "ndivyo nilivyo". Ulizeni. Anzeni karibu. Nendeni pamoja, maana daktari atataka kumsikia na huyo anayeishi nawe.

Sisi tunaondoka Jumatatu alfajiri kupitia Nyololo na Makambako. Mama naye atapanda gari toka Tukuyu, anakuja na karatasi zake mwenyewe, hataki kuzituma. Fedha ya safari tumeitoa kwenye mabati ya jiko la nje. Nilipouliza kama kweli ameridhika, baba watoto alicheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.

"Jiko litasubiri," akasema. "Kwanza lenyewe unaliunguza kila siku."

Tukutane mwezi ujao, mpenzi msomaji. Nikikumbuka!