Kompyuta ikimtia katuni mifupa, vijana wa Lindi tule wapi?

Wadau, katuni hatembei mpaka atiwe mifupa na viungo. Mixamo, iliyonunuliwa na Adobe mwaka 2015, inaifanya kazi hiyo kwa dakika chache, tena bure. Basi ajira imekwisha? Nasema bado.

Mixamo inamjua kiumbe wa miguu miwili aliye kama mtu. Ipelekee pweza wa Songosongo uone, inakwama! UniRig ya mwaka 2025 inajaribu hadi wanyama, kwa hiyo anayetegemea kupanga mifupa tu ajiandae.

Lakini mjusi wetu wa Tendaguru, aliyechimbwa 1909 hadi 1913 na leo yuko Berlin, wataalamu wenyewe wanabishana shingo yake ilisimama vipi. Hapo mashine inakisia tu, anayeamua ni mtu. Jamani, tujifunze mwendo wa viumbe, siyo kubonyeza kitufe. Mnasemaje?